Mlingoti na Vichupa Vyake

Rafiki yake aliapa kuwa atafika saa nane kamili. Ilipofika saa nane na nusu hakuwa amefika, wala simu hakupokea. Fundi Miwani akabaki amesimama kwenye ukumbi wa sinema na tiketi mbili mkononi kama mchuuzi, watu wakimpita kushoto na kulia na bisi zao. Alikuwa amevaa gauni la manjano lenye kola nyeupe, lililopigwa pasi mara mbili, na viatu virefu ambavyo tayari vilikuwa vimeanza kumla vidole. Puani alikuwa na miwani ya fremu nyekundu, aliyoikata na kuifunga skrubu kwa mkono wake mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi iliyompa jina. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu.

Mpaka leo humshukuru rafiki yule kwa kutotokea. Siku ile lakini alikuwa akimtukana kimoyomoyo.

"Dada, hiyo tiketi ya pili ina mwenyewe?" ikauliza sauti ya kiume nyuma yake, kutoka juu sana.

Akageuka. Macho yakafika kwenye kifungo cha shati, yakapanda kola, yakapanda kidevu, ndipo yakaukuta uso. Kijana alikuwa mrefu kama mlingoti wa bendera, shati jeupe limenyooka, kucha zimekatwa fupi, na ananukia sabuni kuliko manukato.

"Inamngoja mwenyewe."

"Mwenyewe haji. Umeutazama mlango mara kumi na moja."

"Ulikuwa unahesabu?"

"Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni. Sikuwa na kingine cha kutazama."

Fundi akabana midomo asicheke. Tiketi za dirishani zilikuwa zimekwisha, na kuingia peke yake kwenye filamu ya mauaji hakutaka. "Nakupa," alisema. "Ila bisi ni zako, na ukiongea filamu ikiendelea nakutoa."

Filamu yenyewe ilikuwa ya kisa cha kweli, au ndivyo maandishi ya mwanzo yalivyosema. Ilikuwa habari ya nesi mmoja wa kiume, mpole, mnyenyekevu, mwenye kuwaandikia wagonjwa kadi za kuwaombea afya njema, kumbe ndiye aliyekuwa akiwatilia sumu kwenye dripu. Kila alipomaliza mmoja alitia kichupa kitupu mfukoni, akaenda nacho kwake, akakipanga dirishani pamoja na wenzake. Ukumbi mzima ulikuwa roho mkononi. Fundi alimkamata jirani yake mkono kwa kucha zote kumi, asikumbuke kwamba hata jina lake hamjui.

Mlingoti yeye alikuwa akinung'unika. "Dripu haifungwi hivyo," alisema kwa sauti ya chini. Baadaye kidogo: "Mgonjwa wa namna hiyo halazwi chali." Na mwisho kabisa, wakati watu wanafuta machozi: "Hata mikono hakunawa."

"Wewe umeua wangapi mpaka unajua hivyo?" Fundi alimuuliza walipotoka nje, mwanga wa jioni ukiwachoma macho.

"Leo, au tangu nianze?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kijana akautazama mkono wake wenye alama za kucha, akasema majeraha haya yanahitaji kuangaliwa kila siku, na muuguzi wake awe aliyeyasababisha. Wakapeana namba.

Tangu hapo simu haikupoa. Kila saa kumi na mbili jioni ikalia, na Fundi aliyekuwa akifunga duka akaacha bisibisi mezani.

"Macho Manne wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, Mlingoti?"

"Mimi nimekula sauti yako, nasubiri kitindamlo."

"Muone. Kazi ilikuwaje?"

"Kazi ni ile ile. Kuwaamsha watu asubuhi, kuwauliza kama wamelala vizuri, kuwatandikia vitanda. Mmoja leo kanitupia kikombe cha chai."

"Wageni wa hoteli hawana adabu," Fundi alisema kwa huruma.

Mlingoti alikuwa hajasema hoteli. Alikuwa amefungua kinywa aseme ukweli mara tatu, na mara zote tatu Fundi alikuwa ametangulia. Fundi alikuwa amesema kwamba tangu ile filamu, akimwona nesi wa kiume barabarani anavuka upande wa pili. Basi mwanamume akameza maneno yake. Mtu akipenda huwa mwoga, na huyu alipenda.

Nyumbani nako kulikuwa na mama, na Fundi hakuwa na siri kwa mama yake. Mama alikuwa mjane wa miaka sitini na tisa, mfumaji wa sweta ambazo hakuna aliyeziomba, na mgonjwa wa sukari aliyejidunga sindano zake mwenyewe kwa miaka kumi na miwili bila kumsumbua mtu. Jioni ile ile ya sinema Fundi alimketisha akamsimulia filamu nzima, kwa mikono na miguu, akitembea sebuleni kwa unyato kama muuaji, kijiko kikiwa ndiyo sindano. Mama alikodoa macho, sweta imesimama katikati ya mshono.

"Na anacheka?" aliuliza.

"Anatabasamu, mama. Anakuuliza umelalaje, huku anakumaliza."

"Mungu atuepushe," mama alisema, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mumewe akakagua kitasa cha mlango mara mbili.

Mwezi wa tatu wa mapenzi yao, mama akapata kidonda mguuni. Daktari akasema alazwe wiki moja, kidonda kisafishwe, na sukari yake isimamiwe na watu wa wodi. Fundi akamfungashia nguo, mswaki na mkoba wake wa kufumia, akampeleka asubuhi, akamwacha kitanda namba tano, akarudi dukani. Siku ya pili, saa saba mchana, muda wa kutazama wagonjwa, akaenda na chakula cha moto kwenye kibebeo.

Aliingia wodini akihesabu vitanda. Moja, mbili, tatu. Kwenye cha tano kibebeo kikamponyoka, kikagonga sakafu.

Mama alikuwa amelala ubavu, uso umelowa jasho, midomo imekosa rangi. Juu yake ameinama mwanamume mrefu aliyevaa sare nyeupe, anasukuma sindano taratibu kwenye mrija uliofungwa mkononi mwa mama. Alipomaliza akachukua kichupa kitupu, akakiviringishia kipande cha plasta, akakitia mfukoni.

Kisha akageuka. Mlingoti.

Filamu nzima ikampita Fundi kichwani, mpaka kile kidirisha chenye vichupa. Hakupiga kelele. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya chini na kavu, na kwa hiyo wodi nzima iliisikia.

"Umemdunga nini mama yangu?"

"Fundi. Sikujua kama ni mama yako. Ngoja, nitakueleza, sukari yake ime—"

"Uliniambia unafanya kazi hotelini."

"Sikukuambia hivyo."

"Vua koti. Onyesha watu ulichoficha mfukoni."

Sista Mkuu, mwanamke mnene mwenye viatu visivyotoa sauti, alikuwa tayari amesimama katikati yao. Akanyoosha kiganja. Mlingoti akatoa vichupa vinne, akavipanga mezani kimoja kimoja, kila kimoja na plasta yake. Bibi wa kitanda cha sita akautazama mrija wake wa dripu kama nyoka, akaanza kuuchomoa.

"Nesi," Sista Mkuu alisema polepole, "sheria inasema vichupa vitupu vinakwenda wapi?"

"Kwenye sanduku la taka, papo hapo."

"Na hivi?"

Mlingoti alimtazama Fundi, akaona jinsi anavyotazamwa, akashusha macho. "Mama apimwe tena baada ya robo saa," alimwambia Sista Mkuu. "Na ale. Tafadhali ahakikishwe anakula." Akavua beji, akaiweka kando ya vichupa, akatoka. Akaambiwa akae nyumbani mpaka kamati ya nidhamu ya hospitali ikutane Ijumaa, na kamati ikimwona na hatia, kazi hana, na huenda cheti chake nacho kikaenda.

Jioni simu ikalia saa ile ile. Fundi aliiacha ilie mara sita. Ya saba akapokea.

"Mama anaendeleaje?"

"Usinitajie mama."

"Hoteli uliisema wewe, nami nikanyamaza. Kwa hilo nina kosa. Kwa lile lingine sina."

"Miezi mitatu umenisikiliza nikiita wagonjwa wageni. Ulikuwa unacheka ukikata simu?"

"Nilikuwa naogopa. Ulisema unavuka barabara."

"Basi nimevuka," Fundi alisema, akakata. Kisha akakaa sakafuni katikati ya fremu za miwani, akalia mpaka kamasi zikachafua kola.

Mama alipata nafuu haraka ajabu. Kesho yake alikuwa anakula kila kilicholetwa na Fundi na kusukuma kando kila kilicholetwa na wodi. Fundi akamsifu kwa hilo. Alhamisi asubuhi akaja kumbadilishia nguo, na alipouinua mkoba wa kufumia auweke kando, bunda moja la uzi likaanguka, likagonga sakafu ko!

Uzi haugongi sakafu ko.

Akaliokota, akalifungua mzunguko kwa mzunguko. Katikati kulikuwa na kichupa cha dawa ya kushusha sukari, nusu, na sindano tatu za nyumbani, moja imetumika.

"Mama."

"Abee, mwanangu."

"Hii ni nini?"

Mama akautazama uzi, akalitazama dirisha, akautazama mguu wake wenye bandeji kana kwamba mguu ndio ungejibu. "Ni dawa yangu."

"Dawa yako si unapewa na manesi?"

"Hiyo ya manesi ni ya manesi. Nani ajuaye wametia nini?" Mama akashusha sauti. "Walipokuja juzi saa sita kunidunga, nikawapa mkono kwa adabu, nikawaambia asanteni. Walipoondoka nikajifunika shuka, nikajidunga yangu ya kweli. Na chakula chao sikugusa. Nilikuwa nakungoja wewe."

Fundi akaketi ukingoni mwa kitanda. Kichwani hesabu ilikuwa inajipanga yenyewe: sindano ya wodi, sindano ya mama, na tumbo tupu. Sukari isishuke, ifanye nini?

"Mama, ulijidunga mara mbili ya kipimo. Ungekufa."

"Nilikufa kidogo," mama alikiri. "Nilianza kutetemeka, macho yakaingia giza. Nikasikia mtu ananiita, mama, mama, usilale, nitazame. Akawa amenishika mkono. Nikajiambia, kumbe nilizaa mtoto wa kiume nikamsahau. Kisha ikaingia kitu kama joto, nikarudi."

"Ni yeye, mama. Yule mrefu. Alikutilia maji ya sukari. Na mimi nikamwita muuaji mbele ya wodi nzima."

"Hilo nililisikia. Nilikuwa sijapata nguvu ya kufungua mdomo."

"Na siku mbili hizi? Mdomo haukufunguka?"

Mama akavuta shuka mpaka kidevuni. "Nitaambiwa nimeingiza sindano kwa magendo. Umri huu, mwanangu, unataka nisemwe na bibi wa kitanda cha sita?" Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Lakini ni wewe uliyenisimulia. Na kijiko."

Ilikuwa kweli, na kijiko.

Fundi akakipima kichupa cha mama kiganjani. Angeweza kukitupa. Kamati ingekaa, kijana angeondoka, na aibu ya mama ingebaki ndani ya bunda la uzi. Akamtazama mama yake aliyekuwa hai, amenuna, anavuta nyuzi za shuka, na shukrani ikampanda kifuani ghafla mpaka ikamuuma.

"Kesho saa nne," alisema, "mimi na wewe tunakwenda kwenye kamati."

"Mguu wangu haujapona."

"Kuna kiti cha magurudumu."

Kamati ilikuwa watu watano kwenye meza ndefu, na Mlingoti peke yake upande wa pili, magoti yake hayaingii chini ya meza. Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Kwanza kikaingia kiti cha magurudumu, kikifuatwa na msukumaji mwenye gauni la manjano lililokosa pasi, na nyuma yao Sista Mkuu aliyekuwa ameombwa njiani na hakukataa.

"Shikamooni," mama alisema, ingawa alikuwa amewazidi wote umri. Alikuwa amechanganyikiwa kwa hofu. "Nimekuja kusema mimi ndiye muuaji."

Mwenyekiti akavua miwani. "Nani ameuawa, mama?"

"Mimi. Ila huyu kijana kanizuia."

Akaeleza yote, bila kuficha uzi wala shuka. Sista Mkuu akafungua faili akasoma: sukari ya kitanda namba tano saa saba kasoro dakika tano, iliyoshuka kiasi cha kutisha. Akainua kichupa chenye plasta. Kilikuwa cha maji ya sukari, na kwenye plasta pameandikwa tano, saa saba kasoro tatu, kwa mwandiko mzuri kuliko wa madaktari wote wa jengo lile.

"Sasa kwa nini mfukoni?" mwenyekiti aliuliza.

Mlingoti alijibu akiitazama meza. "Mwaka wangu wa kwanza kazini, binti mmoja aliniuliza baba yake alipewa nini kabla hajafariki. Alipewa dawa sahihi. Lakini kichupa nilikuwa nimeshakitupa, na faili ilikuwa na neno moja tu. Hakuniamini, nami sikuwa na cha kumwonyesha. Tangu siku hiyo navitunza mpaka zamu iishe, kisha navitupa. Mtu akiniuliza, nimwonyeshe."

Fundi akainamisha uso. Binti mwingine alikuwa ameuliza, na kabla hajaonyeshwa akawa amehukumu.

Kamati ikamrudishia beji. Ikampa onyo kwa ajili ya mfuko, ikaagiza wodi iweke trei yenye namba za vitanda, vichupa vikae humo wazi mpaka zamu ibadilike. Mama naye akapewa onyo. Akalipokea kwa heshima, akawashukuru mmoja mmoja kwa kuwapa mkono, mwenyekiti mara mbili.

Kwenye korido Fundi alimsimamisha.

"Mlingoti. Asante kwa mama yangu. Na unisamehe. Sina la kujitetea."

"Nimekusamehe," alisema, na alimaanisha. "Lakini, Macho Manne, nakaa na jambo moja. Siku nitakapokupa glasi ya maji nyumbani, nione unaitazama mikono yangu, nitaishi vipi?"

Akaenda zake zamuni. Fundi hakumfuata, maana swali lilikuwa la haki.

Mama aliporudi nyumbani na kiti cha magurudumu cha kuazima, mguu ulihitaji kufungwa upya kila asubuhi, na mama akatangaza kwamba hataguswa na mtu mwingine isipokuwa "mwanangu mrefu." Basi Mlingoti akawa anapita kabla ya kuingia kazini. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Asante kwa jana, asante kwa leo, na asante ya kesho chukua kabisa." Kwa Fundi alisema, "Habari za asubuhi," akanywa chai, akaondoka. Ikawa wiki tatu hivyo. Fundi alimpa chai na hakulalamika. Kila asubuhi alishukuru kimya kimya kwamba kijana amekuja, na kesho yake akashukuru tena.

Asubuhi moja Mlingoti hakumkuta jikoni. Fundi alikuwa kitandani, homa imempanda, nywele zimesimama, miwani imekaa upande, amejifunga shuka kama furushi. Mlingoti akampima, akaenda kunawa mikono, akarudi na vidonge viwili na glasi ya maji.

Fundi akafumba macho, akafungua kinywa.

Vidonge havikuja.

"Hujauliza ni vya nini," alisema Mlingoti.

"Sihitaji kuuliza."

"Uliza. Mtu yeyote akikupa dawa, muulize. Hata mimi. Hasa mimi. Kuulizwa hakunichomi. Kilichonichoma ni kutongojewa jibu."

Fundi akafungua macho. Alimtazama usoni, si mikononi, muda mrefu.

"Vya nini hivi?"

"Vya homa. Viwili sasa, viwili tena saa nane mchana, ukishakula."

Akavimeza. Akanywa maji mpaka chini. "Nina swali lingine," alisema.

"Uliza."

"Utanioa lini?"

Mlingoti akakalia stuli ya chumbani, magoti yakamfika kidevuni. Chumba cha pili, ambako watu walidhani mama amelala, kiti cha magurudumu kililia.

"Mjibu, mwanangu," mama alisema kupitia ukuta. "Kakungojea jibu, na mimi nimechoka kutega sikio."

Mlingoti akacheka. Alikuwa hajacheka ndani ya nyumba ile tangu aanze kuja. Akainyoosha miwani ya Fundi ikakaa sawa puani, akauacha mkono wake kwenye shavu lenye joto.

"Homa ikishuka," alisema. "Sioi mgonjwa."

Homa, kwa taarifa ya wanaotaka kujua, ilishuka kabla ya chakula cha mchana.